Msiwaguse Masihi Wangu: Je, Kumpima Mhubiri Ni Dhambi?

Alhamisi moja jioni, baada ya darasa la Biblia hapa Walukuba, Jinja, mama mmoja alibaki nyuma wenzake wakikunja viti. Ni mshonaji, ingawa kwa sasa anashonea cherehani ya jirani kwa zamu, maana ya kwake ameiuza. Mwanawe ana kifafa. Mhubiri aliyepita mtaani na mikutano ya juma zima alimwambia apande mbegu ya kuuma, yaani sadaka ambayo akiitoa ataisikia mwilini, na vidonge vya mtoto aviweke kando siku arobaini ili asionekane anamtegemea Mungu nusu nusu. Akaiuza cherehani, akapeleka pesa zote. Siku ya tisa mtoto alianguka mfululizo hadi akalazwa. Mama alipomrudia mhubiri kuuliza, jibu alilopewa lilikuwa fupi: ulitoa kwa shaka.

Hakuniuliza habari ya pesa. Aliniuliza hivi: "Mwalimu, nikisema moyoni kwamba yule mtumishi alinidanganya, nitakuwa nimemkosea Mungu? Walitusomea, msiwaguse masihi wangu."

Swali hilo nimelisikia kwa Kiswahili, kwa Luganda na kwa Lusoga, na kila mara anayeuliza ni mtu aliyeumizwa ambaye bado anajihukumu yeye mwenyewe. Ndiyo sababu naandika.

Tuanze na mstari wenyewe, Zaburi 105:15. Ukirudi nyuma mistari mitatu tu utakuta zaburi inasimulia habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni katika nchi isiyo yao, wakihama kutoka taifa moja hadi jingine. Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao: msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu. Kwa hiyo masihi, yaani wapakwa mafuta wa Mungu, wanaotajwa pale ni wahamaji wasio na mlinzi, wanaoonywa ni watawala wenye majeshi, na kinachokatazwa ni kuwadhuru. Hakuna mtu katika zaburi ile aliyeuliza swali juu ya mafundisho akanyamazishwa. Leo mstari umepinduliwa miguu juu. Mwenye msafara wa magari, walinzi na vipaza sauti ndiye anayejiita mhamaji mnyonge, na mama anayeuliza cherehani yake ilikwenda wapi anafanywa kuwa Farao.

Kupima mafundisho, kwa upande wa pili, ni amri. "Wapenzi, msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho, kwamba zimetokana na Mungu, kwa sababu manabii wa uongo wengi wametokea duniani." Hiyo ni 1 Yohana 4:1, na walioandikiwa ni waumini wote, wanaoitwa wapenzi, wala si kamati ya maaskofu. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Kule Beroya watu walimsikiliza Paulo huyo huyo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Paulo hakukasirika. Luka, anayesimulia habari hiyo katika Matendo 17, anawaita waungwana. Mwenye duka pale soko kuu la Jinja akipokea noti ya elfu hamsini huiinua kwenye mwanga kabla ya kuitia mfukoni, na mnunuzi hachukii, kwa sababu wote wawili wanajua kuna noti bandia mjini.

Lakini kabla ya kwenda mbali, kuna hatari ya upande mwingine, nayo Uganda tunaijua vizuri. Si kila tofauti ni mafundisho ya uongo. Kwa sensa ya 2014, Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 39 ya Waganda, Waanglikana asilimia 32, na Wapentekoste asilimia 11. Hawa wanatofautiana juu ya ubatizo wa watoto, juu ya Mama Maria, juu ya kunena kwa lugha, juu ya nani aweze kuwa kasisi, na Wasabato wana la kwao juu ya siku ya kuabudu. Ni tofauti kubwa, sitaki kuzidharau. Hata hivyo wote wanakiri kwamba Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akafufuka, atarudi. Kiini hicho kililindwa na mabaraza kama lile la Nikea mwaka 325, lilipokataa fundisho la Ario kwamba Mwana ni kiumbe. Anayevuruga kiini hicho amevunja msingi. Anayetofautiana nawe juu ya namna ya kubatiza ni ndugu mnayebishana naye.

Babu zetu wa imani walishindwa kuona mpaka huo. Januari 1892, pale Mengo, makao ya mfalme wa Buganda, Wakristo wa Buganda walipigana kwa bunduki, Wakatoliki waliokuwa wakiitwa Wafaransa upande mmoja na Waprotestanti waliokuwa wakiitwa Waingereza upande mwingine. Haikuwa imetimia hata miaka sita tangu vijana wa madhehebu yote mawili kuchomwa pamoja Namugongo kwa amri ya mfalme, tarehe 3 Juni 1886, kwa jina la Yesu mmoja. Kwa hiyo nikisema mafundisho ya uongo, sisemi kanisa la jirani yako. Nasema jambo jingine.

Jambo lenyewe nimelitafuta kwa miaka, na nitalisema kama nilivyofika kuliamini. Tukitaka kujua mhubiri ni wa kweli au la, wengi wetu tunatazama mahali pasipofaa. Tunatazama miujiza. Tunatazama wingi wa watu, machozi yake, idadi ya mistari anayoitaja bila kufungua Biblia. Vyote hivyo vinaweza kuwako katika ukweli na katika uongo. Mimi siku hizi naangalia kwanza lawama inaangukia wapi neno lake lisipotimia. Katika mafundisho ya uongo mambo yamepangwa, kwa makusudi au kwa mazoea, ili mwalimu asikosee kamwe. Kikitokea kitu kizuri, utukufu ni wa upako wake. Kikiharibika, kosa ni lako: ulitoa kwa shaka, ulikula wakati wa mfungo, una dhambi ya siri, bibi yako alikuwa mchawi.

Wazee wa hapa Jinja wanaukumbuka mwaka 1987. Mwaka mmoja nyuma, kule Acholi, kaskazini mwa Uganda, mwanamke aitwaye Alice Auma alianza kujulikana kwa jina la roho aliyesema inamtumia, Lakwena, maana yake mjumbe. Aliongoza jeshi lililoimba nyimbo za dini likielekea vitani. Askari wake walipakwa mafuta ya shea na kuambiwa kwamba risasi hazitawapata, na kwamba mawe watakayorusha yatalipuka kama mabomu. Walifika mbali ajabu, karibu na mji wetu, hadi walipovunjwa nguvu mwishoni mwa mwaka huo. Alice akakimbilia Kenya, akafia katika kambi ya wakimbizi mwaka 2007.

Si haki kusimulia habari hii kwa kucheka. Watu wa Acholi walikuwa wametoka katika vita na wamejaa hofu, wengine wakitafuta utakaso wa kweli kwa damu waliyomwaga. Ninachotaka uone ni jinsi fundisho lilivyojilinda. Palikuwa na orodha ndefu ya masharti, na aliyepigwa risasi alihesabiwa kuwa ni mtu aliyevunja sharti mojawapo. Kila maiti ikawa ushahidi kwamba fundisho ni sahihi. Ukishafika hapo hakuna tukio duniani linaloweza kukuonyesha kwamba umekosea. Sasa mrudie mama yetu mshonaji na lile jibu, ulitoa kwa shaka. Ni mafuta yale yale ya shea.

Torati iliziba mlango huo mapema. Kumbukumbu la Torati 13 inasema kwamba hata ishara ikitimia, kama mwenye ishara anawavuta watu wamwache Mungu, asisikilizwe, kwa kuwa Mungu anawajaribu wajulikane kama wanampenda. Sura ya 18 inasema upande wa pili: nabii akinena kwa jina la Bwana, na jambo lisitimie, hilo ndilo neno asilolinena Bwana. "Kwa kujikinai amelinena huyo nabii, usimwogope." Tazama lawama imewekwa juu ya nani. Haisemi watu waongeze imani ili unabii utimie. Haisemi wafunge tena. Inasema nabii amejikinai, kisha inamgeukia msikilizaji aliyeogopeshwa na kumwambia neno moja analolihitaji: usimwogope.

Kuna watu watasema, sawa, lakini huyu wetu anahubiri Biblia, kila neno lina mstari. Hapo ndipo ninapowasimulia wanafunzi wangu habari ya Bamalaki, ambayo vijana wengi hawaijui.

Mwaka 1914 lilianza Buganda kundi lililofahamika kwa jina la mwalimu wake, Malaki Musajjakawa. Pamoja naye alikuwa Joswa Kate, mwenye cheo cha Mugema, mmoja wa machifu wakubwa na Mwanglikana wa muda mrefu. Walifundisha kwamba Mkristo hapaswi kutumia dawa yoyote, wala ya mganga wa kienyeji wala ya daktari wa hospitali, wala chanjo. Walilitoa wapi? Kwenye Biblia yao wenyewe ya Luganda, ambayo ilikuwa imekamilika mwaka 1896. Kumbukumbu la Torati 18, katika orodha ya watu ambao Israeli wasiwe nao, wapiga ramli na waganga wa pepo, mfasiri alikuwa ametumia neno abasawo. Na abasawo, kwa Luganda ya kila siku, ndio hao hao matabibu wa hospitali. Kwa mtu anayesoma kwa unyofu, maandiko yalikuwa yamesema: daktari ni chukizo kwa Bwana.

Nataka tukae hapa kidogo. Joswa Kate hakuwa tapeli. Hakuuza mafuta wala hakutafuta utajiri. Msimamo wake ulimletea hasara, hadi serikali ya kikoloni ikamwondoa Buganda akafia uhamishoni. Alikuwa mkweli wa moyo, na alikosea. Hilo linatufundisha kwamba swali "je, anaamini anachosema?" halitoshi. Tunda la fundisho liliwaangukia watoto waliokosa chanjo, awe mwalimu ni mnyofu au mwongo.

Na kosa lilikuwa dogo kiasi gani! Neno moja. Lakini lingeweza kusahihishwa kwa kusoma neno hilo likiwa katikati ya jamaa zake. Torati 18 inazungumzia wanaopiga ramli, wanaologa, wanaouliza wafu, yaani wanaotafuta siri na nguvu nje ya Mungu. Halafu soma kwingine. Yesu mwenyewe alisema wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi, na hakusema kwa dharau. Paulo anamtaja Luka kama tabibu mpendwa. Paulo huyo huyo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia akemee tumbo. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, baada ya Mungu kuahidi kumponya. Ahadi ya Mungu na mkate wa tini vilikaa kwenye kitanda kimoja.

Kwa hiyo mtu akikuambia uache vidonge vya kifafa, vya shinikizo la damu, vya kisukari au vya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ili kuonyesha imani, hata akiwa na mistari kumi, anakurudisha kwenye kosa la 1914. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla zinaweza kuleta mfululizo wa degedege unaoua. Anayesema ameponywa aende akapimwe. Yesu aliwatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa wapimaji wa siku zile. Uponyaji wa kweli haukimbii maabara.

Kuna upande mwingine wa habari ya Bamalaki ambao makanisa yetu makubwa hayapendi kuusikia. Malaki alipata wafuasi wengi mno kwa sababu alibatiza upesi. Misheni zilikuwa zinawaweka watu kwenye masomo kwa muda mrefu, na wengi, hasa wasiojua kusoma, walijiona wamefungiwa nje ya mlango. Fundisho potofu liliingia pale ambapo kanisa halisi lilikuwa limeacha pengo. Leo ni vilevile. Yule mama mshonaji alikuwa na mchungaji wake wa siku zote. Hakuna aliyekwenda kumwona mtoto alipokuwa anaanguka. Aliyefika mlangoni, akamwita kwa jina na kumwekea mtoto mikono, ni yule mgeni.

Nisingeweza kuandika juu ya mambo haya Uganda nikaruka Kanungu, ingawa kila nikifika hapo mkono unakuwa mzito.

Ijumaa, tarehe 17 Machi 2000, katika eneo la Kanungu lililokuwa wakati ule sehemu ya wilaya ya Rukungiri, mamia ya waumini wa Kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya kanisa lao, milango na madirisha vikiwa vimefungwa kwa misumari. Kulikuwa na watoto. Mwanzoni ilisemekana walijiua kwa hiari. Kisha polisi wakaanza kufukua miili mingine katika nyumba na mashamba ya viongozi wa kundi, hata katika nyumba moja huko Buziga, Kampala, na ikawa wazi kwamba watu walikuwa wakiuawa kabla ya moto. Jumla inakadiriwa kuwa zaidi ya 700.

Waliowaongoza walikuwa nani? Joseph Kibwetere, Mkatoliki aliyeheshimika katika jamii yake. Credonia Mwerinde, aliyesema anapokea ujumbe wa Bikira Maria. Dominic Kataribaabo, padri msomi aliyekuwa ameondolewa katika huduma yake. Kundi lilikuwa limesajiliwa na serikali kama shirika lisilo la kiserikali. Jina lake lilikuwa jina ambalo hakuna Mkristo angelipinga: nani hataki Amri Kumi? Kwa hiyo joho halikuwa kinga, elimu haikuwa kinga, cheti cha usajili hakikuwa kinga, na jina zuri halikuwa kinga.

Dalili zilikuwa kwingine, ndani ya maisha ya kila siku ya kundi. Watu waliuza mashamba na ng'ombe, fedha zikaenda kwa viongozi. Mume na mke walitenganishwa. Mazungumzo yalikatazwa, watu wakawasiliana kwa ishara za mikono, kwa maelezo kwamba ulimi usije ukavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Fikiri juu ya hilo. Mtu asiyeruhusiwa kusema hawezi kuuliza. Hawezi kumnong'oneza jirani yake kwamba na yeye ana mashaka. Kila mmoja anabaki amefungwa na hofu yake, akidhani wenzake wote wana amani.

Kisha tarehe. Walitangaza mwisho wa dunia kufika mwishoni mwa 1999. Yesu alikuwa amesema habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake. Mstari huo mmoja ulitosha kulivunja kundi zima kabla halijaanza. Januari ikafika, jua likachomoza, na wale waliouza kila kitu wakaanza kuuliza mali zao. Tarehe ikasogezwa hadi Machi. Hapo ndipo palipohitajika lile neno la Torati, usimwogope. Nadhani baadhi yao walikuwa wamelikaribia. Walikuwa wameanza kuuliza, na ni kuuliza huko kulikowatia viongozi hofu.

Tusidhani jambo hilo limepita. Aprili 2023 jirani zetu wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, karibu na Malindi, ya watu waliofundishwa kufunga kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Walizidi 400. Wakati wa mazishi kila mtu huuliza, mbona hawakukimbia? Jibu ni kwamba walianza na hatua ndogo ambazo kila moja ilionekana kama utakatifu. Kwanza uache televisheni. Halafu hospitali, halafu shule, halafu ndugu zako wasio wa kundi. Kufikia siku ya kuacha chakula hakuna tena mtu wa nje wa kumwuliza.

Wengi wetu, hata hivyo, hatutafika Kanungu wala Shakahola. Tutaombwa pesa tu. Na mstari utakaosomwa ni Malaki 3:10, leteni zaka kamili ghalani. Sipingi zaka. Mtenda kazi amestahili ujira wake, na mchungaji ana watoto wanaohitaji karo kama wangu. Ila namwomba kila anayesomewa mstari huo asome kitabu chote, kina sura nne tu, unakimaliza chai haijapoa. Utaona kwamba tangu sura ya kwanza Mungu anawashtaki makuhani, waliochukua sadaka za watu na kuzidharau. Utaona kwamba mistari mitano tu kabla ya zaka, katika 3:5, Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wale wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, na mjane na yatima, na wanaompotosha mgeni. Kisha nenda Kumbukumbu la Torati 14 uone zaka ilikuwa ya nini: kila mwaka wa tatu iliwekwa ndani ya miji ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Katika sheria ya zaka, mjane ni mpokeaji. Fundisho linalomwacha mjane bila cherehani kwa jina la Malaki limemnyang'anya mtu ambaye ghala lilijengwa kwa ajili yake.

Wakristo wa kwanza walikuwa na tatizo hili hili la wahubiri wanaozunguka. Andiko moja la zamani sana, linaloitwa Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, au Didake, lililoandikwa karibu na mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili, liliwapa kipimo ambacho natamani kibandikwe kwenye kila uwanja wa krusedi. Mtume anayefika apokewe kama Bwana. Akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala. Akidai fedha ni nabii wa uongo. Akisema katika roho, nipeni fedha, wasimsikilize, ila kama anaombea wengine wenye shida, hapo mtu yeyote asimhukumu.

Ukisoma haya yote unaweza kudhani namtazama kila mhubiri kwa jicho baya. Hapana. Nimekulia chini ya wahubiri wa kweli, na najua wanafananaje. Uamsho wa walokole uliotoka Namirembe, Kampala, na Gahini, Rwanda, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana na kuomba pamoja mwaka 1929, ulikuwa na desturi ya kutembea nuruni: mtu anasimama mbele ya ushirika anaungama, anarudisha alichoiba, naye mhubiri pia anaungama. Mama asiyejua kusoma aliweza kumwambia kasisi, ndugu, moyo wako hauko sawa, na kasisi akasikiliza. Kulikuwa na udhaifu hata pale, ushirika wa aina hiyo unaweza kugeuka kuwa wa kupekuana. Lakini mwalimu alikuwa chini ya neno lile lile alilolifundisha. Ndivyo Paulo anavyosema kwa Wagalatia: ijapokuwa sisi, au malaika wa mbinguni, atawahubiri injili nyingine, na alaaniwe. Alijiweka wa kwanza kwenye orodha ya watakaopimwa.

Katika uamsho huo alitokea Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji ya raia. Siku chache baadaye, tarehe 16, aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Fundisho lake liligharimu maisha, na gharama aliilipa yeye. Linganisha na wale ambao kila fundisho lao linalipwa na msikilizaji.

Nimeulizwa kama serikali isaidie. Katiba ya 1995 inasema hakuna dini ya taifa, na ibara ya 29 inalinda uhuru wa kuabudu. Nisingependa polisi waamue nani anafundisha ukweli juu ya Utatu. Jambo hilo si kazi yao na wakipewa watalitumia vibaya. Wizi, kumzuilia mtoto matibabu, kumfungia mtu: hayo ni makosa ya jinai hata yakitendwa kwa jina la Yesu, na yapelekwe kituoni bila kuona haya. Mengine ni kazi yetu sisi tunaokaa kwenye viti.

Na ukiwa na ndugu aliyeingia katika kundi la namna hiyo, usimcheke, wala usimtumie kila siku video za kumtukana nabii wake. Atakimbilia ndani zaidi, kwa sababu ameshaambiwa kwamba ndugu zake watamdhihaki, nawe unakuwa umetimiza unabii. Endelea kumtembelea. Mpelekee matoke, keti na watoto wake. Mwulize maswali ya kweli na usubiri: mchungaji wako akikosea, nani anaweza kumwambia? Ukiamua kuondoka kesho, mtaendelea kuwa marafiki? Hesabu za sadaka husomwa wapi? Usidai jibu siku hiyo hiyo.

Yule mama nilimjibu jioni ile kwa maneno machache, kwamba hajamkosea Mungu, na kwamba jambo la kwanza ni vidonge. Kesho yake mke wangu alikwenda naye kliniki. Alhamisi iliyofuata alikuja darasani mapema kuliko wote, Biblia yake ikiwa imefunikwa kwa kipande cha kitenge alichokishona mwenyewe. Alikuwa amesoma Malaki yote, mara mbili. Chini ya 3:5 alikuwa amepiga mstari kwa chaki ya kushonea, ya bluu, na pembeni ameandika jina la mwanawe. Aliweka kidole pale, akasema, "Mwalimu, huu hawakutusomea. Leo naomba niusome mimi."

Akausoma akiwa amesimama.